Baiskeli, boda, daladala na gari ndogo: kwanini Dar wote tunabanana pembeni?

#1 Mzee wa Pedeli

Wakuu habari za jioni.

Humu kila wiki lazima ifunguliwe mada ya "bodaboda hawana akili", na zote zinaishia kwa wenye magari kuwatukana boda, boda nao wanajibu, mods wanafunga. Mwenye baiskeli hatajwi, na akitajwa ni wa kuchekwa. Mimi ni mtu wa baiskeli. Nakaa Tabata, kazi yangu iko Kariakoo, naingia barabara ya Mandela, Buguruni, naikamata barabara ya Uhuru mpaka Ilala Boma nakunja naingia sokoni. Siyo mazoezi wala sipunguzi kitambi, foleni na nauli ndo vilinipeleka huko. Kwahiyo leo naandika ninachokiona nikiwa juu ya siti, someni mpaka mwisho ndo mtukane.

Ugomvi karibu wote wa barabarani kwetu uko kwenye ile mita moja ya kushoto. Kati ya barabara hakuna shida kubwa, gari inafuata gari, ikizidi sana ni mtu kuchomekea na kupigiwa honi basi. Lakini kila kitu ambacho aliyechora barabara hakukipangia sehemu kinamwagwa pembeni. Baiskeli ikae pembeni, guta pembeni, mkokoteni wa mtu wa maji pembeni. Boda anayeikimbia foleni anapita pembeni. Daladala imeona abiria anapunga mkono, inajitupa pembeni. Mwenye gari kachoka kusubiri, anaamua kutanua, anatanulia wapi? Na mtembea kwa miguu ambaye njia yake imewekewa meza ya viatu vya mtumba au mtu kapaki gari juu yake, naye anashuka kuja hapo hapo. Na hiyo pembeni yenyewe ina mchanga, ina chemba iliyoibiwa mfuniko, mvua ikinyesha kuna dimbwi hujui lina kina gani.

Sasa watu wanasema "mwenye baiskeli awe makini". Hebu mwangalieni jamaa wa mayai anayetokea huko Kitunda. Nyuma ya keria kafunga trei zimepanda mpaka usawa wa mabega yake, zimebanwa na kamba za mpira wa tyubu, kila trei ina mayai 30. Yule hawezi kugeuza shingo akaona nyuma, akigeuka tu mzigo unavuta upande na baiskeli inaanza kuyumba. Baiskeli yenyewe ni zile ngumu za kizamani za breki za fito, ule mpira ukibana rimu iliyolowa unateleza tu, kwahiyo kusimama ghafla hakupo, anapunguza kwa miguu au anatafuta pa kuangukia. Halafu wewe unatoka nyuma unampigia honi mita mbili kutoka alipo ukitegemea afanye nini? Aruke?

Kitu kingine kinachoniuma ni kwamba sehemu ya kupita tulishapewa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, ile barabara ya Morogoro ilijengwa na njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli pembeni yake. Mwaka 2018 jiji likapewa mpaka tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa mradi ule. Nendeni leo mkaone hiyo njia ya baiskeli. Kuna gari zimepaki, kuna boda wameweka kijiwe, kuna mama lishe kaweka masufuria, na boda wenyewe wakiona foleni wanapanda huko huko kwa spidi. Wewe mwenye baiskeli unaona bora urudi barabarani ukabanane na daladala. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa kando ya barabara, kuna siku kadhaa nilipita kwa raha sana pale Magomeni. Nafasi ikabaki wazi, haikuchukua muda ikajaa magari. Yaani aliyeondolewa alikuwa mnyonge, aliyeingia hakuna wa kumgusa.

Naomba maoni. Boda mpo humu najua, semeni na nyie.


#2 Chuma Chakavu

mkuu umeandika gazeti zima. baiskeli kwa Dar hii ni kujitakia tu, panda daladala ufike salama


#3 Mzee wa Pedeli

Chuma Chakavu, jamaa wa mayai naye apande daladala na trei zake? Mkate unaokula asubuhi hapo dukani kwa Mangi unafikiri umefika na nini?


#4 Kijiwe Sinza

Haya boda nimefika, maana nimeitwa.

Mleta uzi umeongea vizuri kuliko wengi, angalau hujasema tumetoroka hospitali ya vichaa Milembe. Ila kuna vitu wenye magari hamvijui na mkivijua labda mtaelewa kwanini tunaendesha vile. Chombo wengi siyo chetu. Ni cha bosi, unampa hesabu kila siku, au uko kwenye mkataba unalipa mpaka kiishe kiwe chako. Siku ukiumwa hesabu iko pale pale, mvua ikinyesha iko pale pale, na siku ya mkataba ukichelewesha sana unanyang'anywa na ulichokwisha kulipa kimeenda. Mafuta yako, oili yako, faini yako. Sasa zikaja hizi app, abiria anaona bei kwenye simu imeshuka, anataka hiyo hiyo. Hapo ukisimama nyuma ya gari kwenye foleni ya mataa ya Mwenge kama mtu mwenye mshahara, jioni unarudi na nini nyumbani? Abiria mwenyewe kapanda boda ili usisimame. Ukisimama anakuuliza "vipi, tumefika?"

Huwa mnasema tumetoa saiti mira, vile vioo vya pembeni. Ndio, wengi tumetoa au tumezikunja kwa ndani. Zile za pikipiki zinatokeza nje, ukipita kati ya magari zinagonga za kwako unayejiita mwenye gari, unashuka unanidai laki. Nikitoa, mimi napita bila kugusa mali ya mtu.

Na la mwisho, nyie wenye magari indiketa mnawasha wakati tairi limeshakata kona. Indiketa ni ya kumwambia mtu unachotaka kufanya, siyo ulichokwisha kufanya.


#5 Mzee wa Pedeli

Kijiwe Sinza nashukuru umekuja kiungwana. Ila hiyo ya saiti mira ndo inatuua sisi. Umepita kati ya magari vizuri, halafu unataka kurudi kushoto, nyuma huoni, unarudi tu kwa imani, na mimi niko hapo. Hujagusa mali ya mtu, umegusa goti langu.


#6 Mama Zuu

Mimi ni mama nina kigari changu cha IST, naomba nami niongee na msinitukane.

Hiyo ya indiketa nakujibu mdogo wangu wa kijiwe. Nikiwasha indiketa mapema boda wa nyuma badala ya kupunguza anaongeza, ili awahi kabla sijaingia. Tena wanakuja pande zote mbili, kushoto wawili, kulia mmoja. Nimejifunza kuwasha nikiwa tayari naingia, siyo kwamba sijui sheria, naogopa.

Na siku moja nilikuwa natoka Mwenge naelekea Makumbusho, nimesimama kabisa kwenye foleni, gari imezimwa, boda kaja akanigonga mwenyewe kwenye bampa la nyuma akadondoka na abiria wake. Hajaumia, alichubuka kiwiko. Dakika haijaisha wameshafika wenzake, wamenizunguka kama nyuki, mmoja ananyofoa funguo, mwingine anapiga kioo kwa helmeti, wanasema "mama toa hela ya matibabu". Hakuna hata mmoja aliyeona ilivyotokea! Nina mtoto siti ya nyuma analia. Niliokolewa na dereva wa daladala, tena wale mnaowatukana kila siku, alishuka akasema mimi nilikuwa nyuma nimeona kila kitu, huyu mama alikuwa amesimama. Na hapo bado nilitoa elfu thelathini ili niondoke.

Sasa nambieni, mtu kama mimi nikigongana na boda kwa bahati mbaya kweli, nisimame au nikimbie? Polisi wanasema simama. Nikisimama gari inachomwa.


#7 Kijiwe Sinza

Pole mama yangu, hao walikukosea na siwatetei, kijiweni kwetu ukifanya hivyo unafukuzwa.

Lakini elewa kwanini tunakusanyika. Boda akigongwa, gari mara nyingi inaondoka. Mtu analala pale mguu umegeuka, namba ya gari hakuna aliyesoma, hospitali wanataka hela, bosi anataka chombo chake. Tumezika wenzetu namna hiyo. Kwahiyo ikitokea ajali wa kwanza kufika anachukua funguo ili gari isitembee, hiyo ndo bima yetu. Shida ni wanaokuja wa kumi na wa ishirini, hao hawajui hata nini kimetokea, wengine siyo hata boda ni vibaka tu wanaona fursa.


#8 Mwanasheria Uchwara

Naingia hapo kwenye bima maana watu wengi hawaelewi.

Bima ndogo, ile mnayokata ili trafiki asiwasumbue, kazi yake ni kumlipa mtu wa tatu, yaani uliyemgonga. Ni lazima kisheria kwa kila gari na pikipiki. Kwahiyo Mama Zuu, ungemgonga kweli, matibabu yake yalitakiwa yatoke huko na siyo kwenye pochi lako. Na wewe Kijiwe, abiria wako akiumia naye ana haki, uliza bima ya chombo chako inambeba abiria au haimbebi, maana bosi wengi wanakata ile ya bei ya chini kabisa. Kinachowashinda watu ni mlolongo. Inabidi tukio liripotiwe, majeruhi achukue PF3 polisi, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, trafiki apime na achore ramani ya ajali, halafu ndo madai yaanze. Mkimalizana barabarani kwa elfu thelathini hakuna PF3, hakuna ramani, na mtu akigundua baada ya siku mbili kwamba mbavu imepasuka hana pa kuanzia.

Ushauri wangu kwa swali lako mama. Kama unaona umati unakuwa wa shari, funga milango, nenda moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu ukaripoti mwenyewe. Kwenda polisi kuripoti na kukimbia ni vitu viwili tofauti, hakikisha tu unafika kweli na unaandikisha saa ulizofika.

Faini nazo zilipunguzwa. Kwenye bajeti ya 2021/22 faini ya boda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 kuja 10,000. Wengi mlishangilia. Mimi nilisema wakati ule na nasema leo, ukishusha faini bila kugusa mkataba wa bosi umempunguzia mtu maumivu tu, atapita taa nyekundu vile vile.

Na mleta uzi, baiskeli nayo ni chombo cha barabarani. Taa nyekundu inakuhusu, na usiku unatakiwa uonekane. Nawaona watu wa baiskeli usiku wanakuja upande wa kulia bila taa bila chochote, nguo nyeusi.


#9 Mzee wa Pedeli

Mwanasheria hilo sikatai, kuna watu wetu wanaendesha usiku kama wamejificha. Lakini anayekuja upande usio wake mara nyingi ni kwa sababu barabara ya njia nne ina ukuta katikati, mahali pa kugeuzia pako kilomita huko mbele, na yeye ana gunia la mkaa. Ungekuwa wewe unasukuma gunia ungeenda mpaka kwenye U-tani ndo urudi?


#10 Suka wa Semi

Wadau mimi naendesha semi, bandarini kwenda Tunduma, wakati mwingine navuka naenda mpaka Lubumbashi. Kila safari lazima nipite Mandela, kwahiyo huyu mleta uzi nafikiri nishampita mara nyingi bila kumjua.

Nataka niwaambie kitu kuhusu kona ya kushoto maana ndo inaua watu wa baiskeli na boda na watu hawaelewi inavyotokea. Semi ikikata kushoto, kichwa kinatangulia lakini tairi za nyuma za trela hazifuati njia ya kichwa, zinakata kwa ndani, zinakaribia ukingo wa barabara zaidi. Kwahiyo mimi nikitaka kukata kushoto pale Ubungo kuingia Morogoro lazima kwanza nijitanue kulia, niache nafasi kubwa kushoto. Boda anaona nafasi ile anasema "asante suka", anaingia. Baiskeli naye anaingia. Mimi kiti changu kiko kulia, kile kioo cha kushoto kinaonyesha ubavu wa trela mwanzoni, nikishaanza kukunja kinaonyesha kichwa cha trela tu, wewe uliyepo chini karibu na mlango wa utingo sikuoni kabisa. Utingo akiwa macho atapiga kelele. Akiwa kalala au nimesafiri bila utingo, ndo hivyo tena.

Ukiona semi imesimama kwenye taa na iko katikati ya njia mbili bila sababu, kaa nyuma yake. Usipite kushoto hata kama nafasi ni ya kupita basi. Hiyo nafasi siyo yako, ni ya matairi yangu ya nyuma.

Na kitu kingine, tukibeba kontena lenye mzigo kamili kusimama ghafla hakuna, sawa sawa na huyo jamaa wa mayai.


#11 Chuma Chakavu

suka hapo umenifundisha kitu aisee. miaka yote nilijua mnajitanua kwa dharau


#12 nduthi254

Salamu kutoka Nairobi. Hizi story zenu ni kama zetu tu, bodaboda sisi tunaziita nduthi.

Mama Zuu hiyo yako ilitufikia sisi vibaya zaidi. Machi 2022 kuna dada alikuwa anaendesha gari pale Wangari Maathai Road, ile zamani ilikuwa inaitwa Forest Road, watu wa nduthi wakamzunguka wakamdhulumu vibaya sana na mtu akachukua video. Nchi nzima ilichemka. Rais Uhuru akaagiza msako, nduthi zikakamatwa kila mahali, watu wakaambiwa wajiandikishe upya. Haikufika mbali, kesi ikaenda kortini, msako ukasimamishwa, na si muda mrefu mambo yakarudi vile yalikuwa. Kilichoniuma ni kwamba hata wale wazee wazima wenye familia ambao hawajawahi gusa mtu walinyang'anywa pikipiki wiki hiyo, na wale wahuni walijua pa kujificha.

Na wanasiasa hapa wanajua kuhesabu, nduthi ni kura. Wakati wa kampeni wanapewa mafuta, wakati wa sheria wanapewa rungu.


#13 Konda Mstaafu

Naona daladala tunapigwa kila upande, mtetezi wetu kashindwa kujitokeza, ngoja nijitoe mhanga. Nimekuwa konda wa Coaster ya Gongo la Mboto mpaka mgongo ukasema basi.

Mnauliza kwanini tunashusha nje ya kituo. Kituo chenyewe mmekiona? Ile sehemu ya kuingilia daladala imejaa bajaji mbele, boda nyuma, katikati mtu wa machungwa. Gari ikiingia mzima mzima haitoki, kwahiyo suka anaingiza pua tu, mkia unabaki barabarani, mlango uko kushoto nawaambia watu "shukaaa shuka na mguu wa kushoto". Mlango nikifungua na baiskeli iko hapo, ndo balaa. Mimi nilikuwa na utaratibu, kabla sijashusha mtu natoa kichwa nyuma naangalia na mkono nauweka hivi, namzuia abiria. Wengi hawafanyi. Vijana wa siku hizi mlango unafunguka gari haijasimama na yeye yuko na simu.

Halafu daladala nayo ina hesabu kama boda tu. Ukiona Coaster mbili zinafukuzana Nyerere Road siyo kwamba madereva wana bangi (wengine wanayo, sikatai), ni abiria walewale wa kituo kinachofuata wanagombaniwa. Mngewapa mshahara muone kama watafukuzana. Dereva wa mwendokasi hafukuzani na mwenzake, kwanini?


#14 Chuma Chakavu

mwendokasi hafukuzani maana haliji kabisa 😂😂


#15 Nesi wa Zamu

Nimesoma uzi wote, naongezea kidogo kutoka upande wetu wa hospitali, kisha narudi wodini.

Mnaongea sana nani mwenye kosa. Sisi tunapokea matokeo, na matokeo yanategemea zaidi mwendo kuliko kosa. Shirika la Afya Duniani wanasema mtembea kwa miguu akigongwa na mbele ya gari, hatari ya kufa inaongezeka mara 4 na nusu mwendo ukitoka kilomita 50 kwenda 65 kwa saa. Kutoka 50 kwenda 65 kwa dereva ni kitu kidogo, hata hausikii tofauti kwenye usukani. Na ile 50 ndo kikomo chetu cha kwenye makazi, siyo kwamba imebuniwa tu ili trafiki wapate pa kujificha na tochi ya kupima spidi.

Ripoti yao nyingine inasema mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani. Waenda kwa miguu asilimia 23, wa pikipiki na za magurudumu matatu 21, wa baiskeli 6. Jumlisheni wenyewe, nusu yao hawakuwa ndani ya bodi la gari.

Kwa boda, jamani helmeti ya abiria. Naelewa wadada wamesuka, naelewa inanuka, tembea na kitambaa chako cha kuvaa ndani. Ile helmeti inayoning'inia kwenye tanki imefungwa na waya kwa ajili ya trafiki haijawahi kumsaidia mtu. Na mikanda. Mtu kavaa helmeti bila kufunga mkanda, akirushwa yeye anaenda huku helmeti inaenda kule.

Miguu tunayoipokea ya boda mingi ni mfupa wa chini ya goti, umepasuka na ngozi imefunguka, umeingia mchanga. Huo haufungwi POP, ile plasta ngumu, mtu akaenda nyumbani, ni kusafishwa mara nyingi, ni vyuma vya nje, ni miezi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mkataba wa pikipiki haujaisha, mke ana mimba. Hapo hata ukijua nani alikuwa na kosa inakusaidia nini.


#16 Kijiwe Sinza

Nesi umeniweka kimya kidogo. Hiyo ya helmeti ya abiria tatizo abiria wenyewe, ukimpa anakuangalia kama umempa beseni la kuogea.


#17 Mtu wa Kigali

Mimi ni mbongo niko Kigali kikazi. Huku abiria wa boda, wenyewe wanaita moto, bila helmeti haendi popote, na anapanda mmoja tu, mishikaki haipo. Siyo kwamba wanyarwanda wanapenda helmeti kuliko sisi, ni kwamba dereva anajua akikamatwa hakuna mazungumzo. Na kuna siku za Jumapili barabara kadhaa zinafungwa magari asubuhi watu wanakimbia na kuendesha baiskeli, ilianza 2016. Ila tusidanganyane, mji wenyewe ni mdogo kwa Dar na milima yake mtu wa mayai angelia.


#18 Baba Mwenye Nyumba Goba

Mimi nawaangalia tu. Suluhisho liko wazi, baiskeli na boda zitolewe barabara kubwa zote, wakapite mitaani huko. Barabara zimejengwa kwa kodi ya magari na mafuta. Boda zilishazuiwa mjini kati na palitulia, mkazirudisha kwa huruma. Foleni hii ya sasa na ujenzi wa mwendokasi njia zimebanwa, bado mnataka tugawane na baiskeli?


#19 Mzee wa Pedeli

Baba Mwenye Nyumba nakujibu kwa heshima. Kodi ya mafuta hata boda analipa kila akiingia sheli. Mtu wa mayai analipa kodi kwenye sukari, sabuni, vocha. Na hiyo "wakapite mitaani" iangalie vizuri kwenye ramani. Kutoka Tabata kwenda Buguruni kuna reli, kuna bonde la Msimbazi, mitaa haiungani. Dar barabara kubwa ndo zenye madaraja. Ukiniondoa Mandela umeniambia nisiende kazini.

Halafu uhesabu na nafasi. Boda tano zinakaa alipokaa Noah moja yenye mtu mmoja. Ukiwatoa hao wote wakanunua gari kama unavyotaka, hiyo foleni ya Goba kesho itaanzia mlangoni kwako.

Kuhusu nini kifanyike, mimi siamini sana kwenye semina na vipeperushi. Tumeshapewa viakisi mwanga, tumeshaimbiwa nyimbo za wiki ya nenda kwa usalama. Naamini kwenye zege. Ile njia ya baiskeli ya Morogoro ina tatizo moja kubwa, gari inaweza kupanda. Ukiweka vinguzo vya chuma kila inapoanza njia na kila penye mlango wa kuingilia, vimekaa karibu kiasi kwamba guta linapita na gari haipiti, umemaliza kazi ya trafiki kumi. Boda atapita bado, najua, na hapo ndo inabidi tuongee na kina Kijiwe, wapewe sehemu zao za kuegesha zilizochorwa kabisa karibu na kituo na siyo juu ya njia ya mtu, maana kila siku wanaambiwa "ondokeni hapa" hakuna anayewaambia waende wapi. Na zile sehemu za kuingilia daladala vituoni ziwekewe mtu wa kuzisimamia, bajaji zitoke humo. Konda kaeleza vizuri, mkia wa Coaster ukiwa barabarani wote nyuma tunalipa.

Kila barabara mpya ya mwendokasi inayojengwa ndo nafasi. Kuna umoja wetu wa waendesha baiskeli, UWABA, wamepiga kelele miaka mingi sana juu ya haya na watu walikuwa wanawacheka. Zege likishamwagwa hakuna wa kulibomoa kwa ajili ya baiskeli.


#20 Baba Mwenye Nyumba Goba

Vinguzo vya chuma Dar? Wiki moja vimeshauzwa chakavu.


#21 Mzee wa Pedeli

Viwe vya zege basi mzee, bila nondo.


#22 Kijiwe Sinza

😂😂 mzee wa pedeli una hasira na njia yako.

Mi hiyo ya sehemu ya kuegesha naiunga mkono. Pale kwetu tumeshahamishwa mpaka tumechoka, kila kiongozi mpya anakuja na chaki yake. Ila kwenye njia ya baiskeli siwaahidi kitu, nikiwa na mgonjwa au mama anawahi ndege nitapita.


#23 Mama Zuu

Huyo anayewahi ndege kila siku ni yeye yule yule au?


#24 Mgeni Tandika

Samahani wakuu natoka nje ya mada kidogo. Mwanangu ameanza kwenda kazini viwandani kwa baiskeli, anatoka alfajiri giza. Ile taa nyekundu ya nyuma ya kuchaji inapatikana wapi na isiwe ile inayokufa kwa wiki?


#25 Mzee wa Pedeli

Mgeni Tandika, Kariakoo maduka ya spea za baiskeli ziko nyingi, usichukue ile yenye betri za saa, chukua ya kuchaji kwa USB yenye mpira unaofunika tundu la chaji, mvua ndo inaziua. Aifunge kwenye nguzo ya siti na siyo kwenye keria, maana akibeba mfuko itafunikwa. Na mnunulie saiti mira ya baiskeli, zipo za kufunga kwenye mshikio wa hendeli, aweke kulia. Anapita wapi, Nyerere au Chang'ombe?


#26 Mgeni Tandika

Chang'ombe anatokea Tazara


#27 Suka wa Semi

Tazara pale mwambie akiniona nimejitanua, asubiri.